Mwongozo kamili wa kununua gari iliyotumika enzi hizi za simu na kompyuta, hatua kwa hatua

Zamani ukitaka gari iliyotumika ulikuwa unaenda yadi, unaizunguka mara mbili tatu, unapiga tairi teke, unafungua boneti unaangalia vitu usivyovijua, halafu mwisho wa siku unamwamini muuzaji. Yeye alikuwa anajua kila kitu kuhusu ile gari na wewe ulikuwa hujui chochote. Hapo ndo teknolojia imebadilisha mambo kwelikweli, maana historia ya gari siku hizi inaandikwa sehemu nyingi ambazo muuzaji hazigusi: kwenye rekodi za ukaguzi, za bima, za mnada, na ndani ya kompyuta za gari yenyewe. Anaweza kuchezea sehemu moja, akiwa mjanja sana mbili, ila zote zinamshinda na mara nyingi hata hajui ziko ngapi.

Kwa hiyo mwongozo wote huu umesimama juu ya kitu kimoja: usiamini namba moja peke yake. Tafuta namba tatu nne kutoka sehemu tofauti uone kama zinakubaliana. Zikikataa kukubaliana, wewe achana na gari hata kama inang'aa namna gani.

Hatua ya 1: Jua soko kabla hujaipenda gari yenyewe

Chagua aina mbili au tatu za gari, siyo moja, halafu ingia kwenye mitandao ya kuuzia magari uchuje kwa mwaka, ukubwa wa injini, aina ya gia boksi na kilomita. Andika bei za matangazo kama ishirini hivi kwenye karatasi ya hesabu ya simu. Ukishamaliza utaona bei nyingi zimejazana sehemu moja, chache ziko juu, na moja mbili ziko chini sana. Zile za chini sana ndo zinazovuta macho, na ndo zenye matapeli wengi, au gari iliyogongwa ikanyooshwa, au iliyozama kwenye maji.

Kumbuka pia bei ya kwenye tangazo ni bei anayoitamani muuzaji, siyo lazima iwe ndo bei ambayo gari inauzika. Mitandao kama eBay inakuonyesha vitu vilivyouzwa tayari, hiyo ni taarifa nzuri kuliko tangazo. Kama mtandao wako hauna hiyo, weka arifa ya gari unayoitaka halafu subiri wiki mbili tatu, utaona zipi zinaondoka haraka na zipi zinashushwa bei kila baada ya siku kadhaa. Gari iliyokaa sana sokoni na imeshashushwa bei mara kadhaa, hapo una nguvu ya kupatana.

Akili mnemba inasaidia hapa, ukiiuliza magonjwa ya kawaida ya gari fulani ya mwaka fulani inakupa orodha ndani ya sekunde chache. Ila inachanganya miaka na inachanganya injini, wakati mwingine inatunga kabisa, kwa hiyo orodha yake ichukue kama maswali ya kwenda kumuuliza fundi anayezijua hizo gari, usiichukue kama majibu.

Hatua ya 2: Pima tangazo ukiwa umekaa kwako

Kabla ya kupiga simu chukua picha za tangazo uzitafute kwa Google Lens. Ukikuta picha zile zile ziko kwenye tangazo la nchi nyingine au la mwaka juzi na bei tofauti, kazi imeisha hapo. Angalia pia kama picha zote zimepigwa siku moja sehemu moja, na siku hizi angalia zaidi maana picha inaweza kutengenezwa au kurekebishwa na kompyuta: herufi za kwenye tairi zinazoyeyuka, namba za gari zisizosomeka, kivuli kinachoenda upande usioeleweka, mkwaruzo uliopo kwenye picha moja halafu nyingine haupo.

Dawa ya picha ni video koli. Mwombe muuzaji akupigie gari ikiwa haijawashwa tangu asubuhi, yaani injini ya baridi, muda uwe unaamua wewe na siyo yeye. Mwambie ageuze ufunguo mpaka kwenye ile hatua ya kuwasha taa tu bila kuwasha injini. Hapo taa ya injini, ya eabegi na ya breki za ABS zote zinatakiwa ziwake. Ya eabegi na ya ABS zinazima baada ya sekunde chache, ya injini inazima gari ikishawaka. Wengi wanafurahi wakiona dashibodi haina taa hata moja, wakati taa ambayo haikuwaka kabisa mwanzoni ni mbaya kuliko taa iliyobaki inawaka, maana kuna uwezekano mtu ameitoa au ameiziba ili usione tatizo. Baada ya hapo ndo awashe, asogeze simu karibu na injini usikilize, aende nyuma akuonyeshe moshi. Muuzaji anayekataa video koli ya dakika tano kwa mali ya pesa nyingi kiasi hicho anakwambia kitu, msikilize.

Hatua ya 3: Namba ya chesisi, na hapa usiwe na haraka

Omba namba ya chesisi mapema kabisa, kabla hujaongea habari za bei. Magari mengi duniani yana namba ya tarakimu na herufi 17, utaratibu uliosimama Marekani tangu 1981. Haitumii kabisa herufi I, O na Q kwa sababu zinafanana na 1 na 0, kwa hiyo ukiona namba ya herufi 17 yenye O ndani yake ujue aliyeiandika amekosea au ameitunga. Herufi ya kwanza inasema gari imeundwa wapi: J ni Japani, W ni Ujerumani, 1, 4 na 5 ni Marekani. Kwenye magari ya soko la Marekani herufi ya kumi ni mwaka wa modeli, A ni 2010, F ni 2015, L ni 2020. Ya tisa ni ya kuhakiki, inapatikana kwa hesabu kutoka kwenye zile nyingine, kwa hiyo ukiiweka namba kwenye programu ya kuisoma na ikasema hesabu haikubali, kuna shida. Makampuni ya Ulaya mengi hayafuati hayo mawili kwenye magari ya soko lao, usije ukaikataa gari nzuri kwa sababu hiyo.

Magari ya soko la ndani la Japani yenyewe yana namba fupi, msimbo wa modeli halafu kistari halafu namba za mfululizo. Hizo ukiziweka kwenye programu za herufi 17 hazisomi chochote, siyo kwamba gari ni feki.

Namba ukishaipata, itafutie historia. Marekani kuna Carfax iliyoanza 1984 na AutoCheck, zote za kulipia, na kuna VINCheck ya NICB, shirika la kupambana na wizi na udanganyifu wa bima, ambayo ni bure na inakwambia kama gari iliripotiwa kuibiwa au bima waliihesabu imekufa, yaani haifai kutengenezwa. Uingereza ni raha zaidi, unaingiza tu namba ya usajili kwenye tovuti ya serikali ya GOV.UK unaona ukaguzi wa MOT (ukaguzi wa lazima wa gari kule) wa miaka na miaka, bure, kila ukaguzi na kilomita zake (kule wanahesabu maili) na vitu vilivyofeli. Mtu akikuuzia gari iliyotoka Uingereza bila wewe kuangalia ile rekodi umejinyima mwenyewe.

Usisahau kuangalia kama gari iliitwa kiwandani kurekebishwa. Eabegi za Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa inazitengeneza, ndo mfano mkubwa kuliko yote, makumi ya mamilioni ya magari ya makampuni mengi yaliitwa kwa sababu kemikali ya kulipua eabegi inaharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, ikilipuka inarusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Watu walikufa, na Takata yenyewe ilifilisika 2017. Gari ikishavuka mipaka mara nyingi ule wito unabaki nyuma, mmiliki mpya hapigiwi simu na mtu. Tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, inaangalia magari ya Marekani bure, na watengenezaji wengi wana ukurasa wao wa kuingiza namba ya chesisi. Fanya hivyo kwa kila gari, ni dakika mbili na ni maisha ya watu wako.

Halafu siku ya kuiona gari, linganisha namba ya kwenye kadi, ya kwenye kioo au mlangoni, na iliyogongwa kwenye bodi. Zote tatu. Pitisha kidole juu ya ile ya kwenye bodi usikie kama pana kuchomelewa au rangi mpya.

Hatua ya 4: Kama imetoka Japani, soma karatasi ya mnada

Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani yanapita kwenye minada, USS ndo mkubwa wao, na kila gari inakaguliwa na mtu wa mnada ambaye hamjui mnunuzi. Matokeo yanaandikwa kwenye karatasi moja yenye mchoro wa gari. Juu kuna daraja, 4 au 4.5 ni gari nzuri, 3.5 ina mikwaruzo na vibonde vya kawaida, na R au RA maana yake gari iligongwa ikatengenezwa. R peke yake siyo kifo, zipo R zilizobadilishwa kipande kimoja tu na zinatembea vizuri, ila bei yake lazima iwe ya R.

Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kibonde, W ni sehemu iliyonyooshwa ikabaki na mawimbi, XX ni kipande kilichobadilishwa, S ni kutu. Namba ya pembeni ni ukubwa, A1 kidogo A3 kubwa. Minada inatofautiana kidogo kwa hiyo tafuta maelezo ya mnada wenyewe. Ukiona alama kama * au $ pembeni ya kilomita, hapo mnada wenyewe unakuonya kwamba kilomita zile hazina uhakika.

Tatizo ni kwamba hiyo karatasi unayotumiwa ni picha, na picha inahaririwa. R inageuzwa 4, kilomita 148,000 zinageuzwa 48,000 kwa kufuta namba moja tu. Zipo huduma za kulipia zinazotafuta karatasi halisi kwa namba ya chesisi, ilipie wewe mwenyewe, usitumie linki aliyokupa muuzaji. Na pale kwenye sehemu ya maandishi ya mkono ya Kijapani, elekeza kamera ya simu itafsiri. Tafsiri itakuwa ya kuungaunga ila maneno kama kutu, kuvuja, kelele ya injini utayaona, na hayo ndo muuzaji hakukwambia.

Hatua ya 5: Kilomita

NHTSA ilikadiria kwamba Marekani peke yake magari zaidi ya 450,000 kwa mwaka yanauzwa na kilomita za uongo. Odometa (vihesabu kilomita) za kidijitali zilitegemewa zingemaliza huu mchezo, kumbe zimeurahisisha, mtu anachomeka kifaa anaandika namba anayotaka bila kufungua hata skrubu.

Lakini kilomita hazikai kwenye dashibodi tu. Kwenye magari mengi ya kisasa zinabaki pia kwenye kompyuta ya injini, ya gia boksi, ya ABS, hata kwenye baadhi ya funguo. Fundi mwenye mashine nzuri ya kampuni ile ya gari anaweza kuzisoma zote. Dashibodi ikisema 60,000 na gia boksi ikasema 170,000, maongezi yameisha. Kisha linganisha na karatasi: stika za kubadilisha oili, ukaguzi, mnada, hati za kusafirishia. Tairi nazo zinaongea, zina namba nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Gari inayodai kilomita 25,000 tangu 2017 lakini tairi zote nne ni za 2022, muulize zile za mwanzo ziliishaje.

Hatua ya 6: Chomeka kifaa cha OBD

Hiki ndo kifaa ningependa kila mnunuzi awe nacho. Ni kidude kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, kinachoingia kwenye tundu lenye pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva, kinaongea na simu yako kwa Bluetooth. Marekani kila gari mpya ililazimika kuwa na mfumo wa OBD2 kuanzia 1996, Ulaya 2001 kwa petroli na 2004 kwa dizeli. Magari ya zamani kidogo ya soko la Japani yana tundu lile lile ila mengine hayajibu kifaa cha bei rahisi, hayo yanataka mashine ya fundi.

Watu wengi wanachomeka, wanaona hakuna namba za hitilafu, wanasema gari nzima. Hapo ndo wanapopigwa. Namba za hitilafu zinafutika kwa kubonyeza mara moja nje ya geti kabla hujafika. Ila kuna vitu viwili ambavyo ukizifuta vinabaki vinasema. Cha kwanza ni ukurasa unaoonyesha kama gari imemaliza kujipima yenyewe, masega ya ekzosi (yanayosafisha moshi), sensa za oksijeni, mfumo wa mvuke wa mafuta. Kumbukumbu ikifutwa hivyo vipimo vinarudi kwenye "bado", na gari inahitaji kuendeshwa kwa hali tofauti, mara nyingi siku kadhaa, ndo vikamilike tena. Cha pili ni umbali uliotembea tangu namba zifutwe, programu nyingi zinauonyesha.

Kuna jamaa aliniomba nimsindikize kuangalia gari moja safi sana, ndani inanukia, injini imeoshwa, hitilafu sifuri. Nikafungua ule ukurasa, vipimo karibu vyote "bado", umbali tangu kufutwa kilomita 2. Muuzaji akasema betri ilibadilishwa juzi, na kweli kuchomoa betri kunaweza kufuta, hilo ni jibu linalowezekana. Tukamwambia hamna neno, tutarudi gari ikishatembea, iendeshe kama kawaida. Tuliporudi taa ya injini ilikuwa inawaka na simu inaonyesha P0420, masega hayafanyi kazi inavyotakiwa, na P0301, silinda namba moja inamisi, yaani haichomi mafuta inavyotakiwa. Hatukubishana na mtu, jamaa akashukuru tukaondoka. Kwa hiyo ukikuta "bado" nyingi usigombane, ahirisha tu.

Ukiwa bado umechomeka, iendeshe gari huku mwenzako anaangalia joto la injini. Linatakiwa lipande mpaka kwenye nyuzi tisini na kitu hivi kisha litulie, likiendelea kupanda ukiwa kwenye foleni hiyo ni feni au rejeta au kubaya zaidi.

Hatua ya 7: Bodi na maji

Kipima unene wa rangi ni kidogo kama rimoti, unakigusisha kwenye bodi. Rangi ya kiwandani mara nyingi inasoma kati ya maikroni 80 na 180 hivi, ikivuka 300 na kuendelea ujue chini kuna puti, ile ya kujazia vibonde. Linganisha paneli na paneli, mlango wa kushoto na wa kulia, na usihangaike na bampa maana ni plastiki hakisomi. Nguzo za milango na paa ndo muhimu zaidi, puti pale maana yake ajali ilikuwa kubwa.

Kuhusu maji, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake kabisa uangalie tope na madoa ya ukungu, inua zulia la buti, nusa AC ikianza tu. Kimbunga Harvey cha 2017 kule Texas peke yake kiliharibu malaki ya magari, na gari kama hizo zinasafishwa zinauzwa mbali ambapo hakuna anayejua.

Hatua ya 8: Haibridi na za umeme

Hapa injini siyo habari kubwa tena, betri ndo gari. Nissan Leaf za vizazi viwili vya mwanzo zina vipande 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi, ila programu ya LeafSpy kwa kifaa cha OBD inakupa asilimia kamili na hali ya kila seli. Betri ya Leaf hizo haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, kwa hiyo iliyokaa sehemu za joto inachoka mapema kuliko mwenzake wa mwaka ule ule. Kwa Toyota Prius na ndugu zake kuna programu ya Dr. Prius. Tafuta tofauti kati ya seli na seli, kundi moja likiwa chini sana ya mengine betri iko njiani. Watengenezaji wengi wa magari ya umeme wanaweka dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, uliza kama inahamia kwa mmiliki mpya na kama inafanya kazi nje ya nchi ilipouzwa.

Hatua ya 9: Malipo

Wizi mwingi sasa hauko kwenye gari tena, umehamia kwenye njia ya pesa. Anakutumia linki ya kampuni ya kushikilia pesa katikati, tovuti nzuri kabisa, kumbe ni yake. Andika anwani mwenyewe, usibonyeze linki. Na ukiwa unaagiza nje ya nchi angalia hili kwa makini: mmeongea vizuri kwa barua pepe wiki nzima, siku ya kulipa inakuja ankara yenye akaunti mpya na maelezo kwamba ile ya zamani iko kwenye ukaguzi. Mara nyingi hapo kuna mtu ameingia kwenye barua pepe za mmoja wenu. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, siyo iliyo kwenye ile barua, uhakikishe kwa sauti. Jina la akaunti lazima lifanane na jina la kampuni.

Makampuni ya kuuza mtandaoni mwanzo mwisho kama Carvana ya Marekani, iliyoanza 2012, yanakupa siku 7 za kurudisha gari. Sehemu nyingi hakuna kitu kama hicho, kwa hiyo soma masharti kabla hujalipa.

Hatua ya 10: Ukishaichukua

Gari nyingi mpya mpya zinaunganishwa na programu ya simu, na mmiliki wa zamani akibaki kwenye ile akaunti anaweza kuona gari iko wapi, na nyingine hata kufungua milango. Mwambie ajitoe mbele yako, kisha rudisha mfumo kama ulivyotoka kiwandani, futa simu zote zilizounganishwa. Fundi asome idadi ya funguo zilizosajiliwa, zikiwa tatu na wewe umepewa mbili ile ya tatu ifutwe. Kama ulipewa siku za kurudisha gari, iendeshe kila siku, mjini na barabara kubwa, na siku moja kabla hazijaisha chomeka tena kile kifaa uangalie vipimo vilivyokamilika na namba zilizojitokeza, ukiwa bado na haki ya kuirudisha.